Podikasti Alizonichagulia Mwanangu

Mimi sikuomba kujua habari za ndege. Niliomba mtoto wangu aongee na mimi, basi. Kila akija dukani kuleta mashati yake ya kazi namuuliza, "Kazini vipi?" Ananijibu, "Salama, Mama." Salama nini? Mtu anapanda mawinguni na roho za watu mgongoni, anashuka, halafu ana neno moja tu la kumwambia mama yake? Siku hiyo nilikuwa nimeamka vibaya. Mtungi wa mvuke wa pasi unavuja, mteja kaniletea suti ina doa la mafuta anaitaka jioni hiyohiyo, na huyu naye ananiletea salama yake. Nikampa vidonge vyake. Nikamwambia kama mdomo wake ni wa kulia chakula tu, basi mashati akawape haohao anaoongea nao huko angani wamfulie.

Akacheka. Ana kicheko cha babu yake, cha puani. Akavuta stuli, akakaa kando ya meza yangu ya pasi, akaniomba simu.

"Mama, mimi kusimulia sijui. Ila kuna watu wanajua. Wewe si unashinda umesimama hapa? Mikono ina kazi, masikio hayana."

"Masikio yangu yana kazi ya kumsikiliza baba yako."

Na kweli, upande wa pili wa pazia, pale kaunta, baba yake alikuwa anampigia domo mteja. Hilo duka letu la dobi tumeligawana hivyo: mimi na pasi nyuma, yeye na watu mbele. Anapokea nguo, anabana namba, na mteja hatoki pale bila kuambiwa kwamba mwanetu ni rubani. Ukweli ni rubani msaidizi, mistari mitatu begani, wa nne ndio wanamwandalia. Lakini baba yake alishampandisha cheo kitambo, anamwita Kapteni, na mtaa mzima umefuata. Mimi nimekuwa Mama Kapteni. Sikatai, kichwa huwa kinavimba.

Basi akanichagulia podikasti, taratibu, kama mtu anayemchagulia mgonjwa matunda.

"Anza na hii, inaitwa Mnara. Ni mama mmoja mstaafu, alikuwa mwongoza ndege. Mcheshi huyo, mtaelewana. Anaeleza kwa nini ndege hazigongani. Hii ni ya wapenzi wa ndege, wale wanaosimama kwenye uzio wa uwanja na darubini. Wakisikia injini tu wanakutajia ndege ya aina gani. Hao wamechanganyikiwa kidogo lakini utawapenda. Na hii ni ya ajali."

"Ya nini?"

"Ajali. Wanachambua ndege ilianguka kwa nini, hatua moja baada ya nyingine."

"Weee! Koma! Unataka nife hapa?"

"Sisi ndiyo tunayosikiliza tukienda kazini, Mama. Ndiyo tunayoipenda kuliko zote."

Hebu niambieni, hao ni watu wa namna gani? Mtu anasikiliza jinsi wenzake walivyokufa, halafu anakaza tai anaingia kazini akipiga mluzi. Nikamwambia aifute. Hakuifuta. Alikuwa ameshafika kwenye ya mwisho, na hapo akasitasita, kidole kikawa juu ya kioo hakigusi.

"Na hii ni Chumba cha Marubani," akasema. "Wanakuja marubani kusema yale wasiyoweza kuyasema kazini. Majina hayatajwi, na sauti zinabadilishwa. Ukipata nafasi, Mama."

Nikaanza na ule Mnara, na jamani, sitawaficha, nilinogewa. Yule mama ana mdomo! Anawasema marubani kama mimi ninavyomsema mume wangu. Kwake ndiko nilikojifunza kwamba mnara ukimpa rubani agizo, rubani lazima alirudie neno kwa neno, ndipo wale wa chini wajue amesikia. Asiporudia, kule mnarani watu wanainuka vitini. Nikaona, ala, hii ndiyo dawa ya nyumba yangu. Kuanzia siku hiyo nikimtuma mume wangu namwambia, "Sabuni ya maji, henga za nguo, na upitie kwa fundi wa pasi. Rudia." Anarudia kwa shingo upande, wateja wanakufa kwa kicheko.

Nikawa mshauri wa mtaa. Fundi umeme nilimpa ile ya wapenzi wa ndege, maana naye ni mtu wa kutazama juu hovyo. Mwalimu, mteja wetu wa siku nyingi, alikuwa anaogopa ndege kiasi kwamba mdogo wake anaishi mbali na hajawahi kumtembelea. Nikampa Mnara. "Sikiliza hii, Mwalimu, utaona mambo yao yana utaratibu." Akirudi kuchukua nguo ananisimulia alikofika, na mimi namsimulia nilikofika, mpaka mume wangu anauliza hapa ni kwa dobi au uwanja wa ndege.

Hata ile ya ajali niliisikiliza. Kwanza kwa sauti ndogo, kama mtu anayechungulia. Kisha nikazoea, na hapo ndipo nilipojiharibia. Nikawa namjua kila mdudu anayeweza kuangusha ndege. Nampigia mtoto simu, "Leo mmekagua mafuta?" Ananijibu, "Mama, niko kwa kinyozi." Namuuliza, "Umelala vizuri? Umekula?" Ananijibu, "Salama, Mama." Hapo naye ananitia hasira upya.

Ila kila akija, hakosi kuuliza. "Chumba cha Marubani umeanza?"

"Bado. Niko na mama wa mnara."

"Anza, Mama."

Akija tena: "Umeanza?" Nikamwambia hebu niache na wewe, kwani nafanya mtihani? Akachukua mashati yake, akasimama kidogo pale kwenye pazia kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaondoka.

Nikaianza mchana mmoja, napiga pasi mashati ya wahudumu wa hoteli, kazi ya kuchosha isiyo na maana. Mtangazaji ni rubani mstaafu mwenye kikohozi, mpole. Nikasikiliza mgeni wa kwanza, mwanamke aliyekuwa anamwogopa kapteni wake. Wa pili alikuwa mlevi aliyeacha. Wa tatu sauti yake waliivuruga mpaka ikawa nzito, inatoka kama ndani ya pipa. Sikuijua. Nasema kweli, sauti ile sikuijua hata kidogo.

Yule mgeni akasema kuna kitu kinampata. Si usingizi, wala si kizunguzungu. Akili inazimika tu, kama umeme unaokatika na kurudi, na ukirudi yeye hajui kama ulikatika. Anajua kwa vitu anavyovikuta mbele yake. Mara ya kwanza, akasema, ilikuwa kwa wazazi wake. Alikuwa anapiga pasi shati lake. Kilichofuata anachokumbuka ni moshi, pasi imelala kifuani mwa shati, na mama yake anamfokea: mtoto wa dobi mzima anaunguza shati, tutaficha wapi nyuso zetu?

"Nikamwambia nilikuwa natazama simu," ile sauti ikasema. "Nikacheka. Mama naye akacheka. Akawasimulia wateja mwezi mzima."

Ni kweli. Niliwasimulia mwezi mzima. Hata lile shati niliwaonyesha.

Nikaikalisha pasi kwenye kibao chake, nikashika ukingo wa meza. Mle masikioni mwanangu anaendelea kuongea kwa sauti isiyo yake, taratibu, kwa adabu, kama alivyo. Akasema siku moja ilimpata angani. Mnara ulitoa agizo, na zamu ya kurudia ilikuwa yake. Hakurudia. Kapteni aliyekuwa pembeni yake ndiye aliyejibu, akamgeukia, akamuuliza, vipi wewe, umelala? Akamwambia vipokea sauti vina matatizo. Kapteni akaamini. Kwa nini asiamini? Ni kijana mzuri, hana ugomvi na mtu.

Mtangazaji akamuuliza kuhusu daktari wa marubani, yule anayewapima kila baada ya muda. Akasema daktari huuliza, na yeye hujibu hapana. "Nikisema ndiyo, nashushwa leo hii. Na sijui kama nitarudi."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Ungependa ajue nani?"

"Nitamwambia mama yangu asikilize podikasti," akasema.

Sasa mimi nifanye nini? Mimi! Mtu ambaye mtaa mzima unajua kwamba sina breki mdomoni. Nilivichomoa vipokea sauti vya simu masikioni, nikatoka, nikarudi, nikanywa maji, sikuyasikia yanapopita. Mume wangu akachungulia kwenye pazia kuuliza mashati ya hoteli tayari. Nikamtazama. Yule mzee ana furaha moja tu duniani, na furaha hiyo ina mistari mitatu begani. Nikamwambia bado.

Mwanangu alikuja Ijumaa. Nilimvuta mkono mpaka nyuma kabisa, kwenye mashine za kufulia, nikaziwasha zote ili baba yake asisikie.

"Nimefika," nikamwambia.

Hakuniuliza nimefika wapi. Mabega yakamshuka, akaegemea ukuta, na uso wake ukawa kama ulivyokuwa utotoni akishaoga akavishwa nguo safi. Alikuwa amefurahi! Hilo ndilo lililoniwasha. Mimi siku zote hizo sijalala, na yeye ananitazama kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Wewe mtoto, una akili kweli? Unawapakia watu, wana watoto wao, wana mama zao, unajua kabisa hali yako, unawapakia!"

"Najua, Mama."

"Unajua nini? Ungejua ungeacha! Acha! Leo hii, acha!"

"Sawa, Mama."

"Sawa gani?"

"Jumatatu. Nakwenda kwa daktari, namwambia kila kitu, kabla ya kuruka."

"Rudia."

"Jumatatu, kwa daktari, kila kitu, kabla ya kuruka."

Akarudia vizuri, bila kuruka neno, na mimi mjinga nikatulia. Nilimshika uso kwa mikono yangu ya sabuni. Nikamwambia tutaishi, kwani sisi tunaruka? Mbona tunakula? Akatabasamu. Alipotoka nilimsikia baba yake anamwambia, "Kapteni, ule mstari wa nne ukija, hilo shati la kwanza nalipiga pasi mimi mwenyewe." Akamjibu, "Haya, Baba."

Jumatatu sikumpigia. Nilisema nimwache apumue. Jumanne nikawa naitazama simu kila saa. Jumatano asubuhi nilikwenda kwa fundi wa pasi, na niliporudi mume wangu akaniambia, huku anabana namba kwenye blauzi, "Kapteni kapita. Kachukua mashati yote. Ana haraka, kuna mwenzao anaumwa, yeye ndiye anashika zamu."

Nikampigia palepale. Akapokea. Nyuma yake nilisikia watu wanacheka, na gari linatembea, ndilo lile basi dogo linalowapeleka kwenye ndege.

"Ulikwenda kwa daktari?"

"Mama, nitakupigia."

"Ulikwenda au hukwenda?"

Akashusha sauti. "Nilifika mpaka mlangoni. Nikakaa kwenye kiti pale nje. Walipoita jina langu nikaondoka."

"Shuka kwenye hilo gari."

"Siwezi."

"Shuka, nakwambia! Usiposhuka nitasema mimi. Nitawapigia, nitawaambia yote, na usije ukanilaumu!"

Nilikuwa namtisha. Mnaelewa? Lilikuwa ni neno la hasira, kama ninavyomwambia mume wangu nitarudi kwetu. Lakini yeye hakukasirika, wala hakunibembeleza. Akasema polepole, wenzake wasisikie:

"Sema, Mama. Mimi nimeshindwa. Sema wewe."

Akakata. Nikapiga tena, simu imezimwa. Wanazizima, najua, yule mama wa mnara alishaeleza.

Nilikaa kwenye stuli. Nilijaribu kujidanganya kwamba pengine leo haitampata. Pengine haitampata tena kabisa. Si hutokea mara chache? Si kuna kapteni pembeni? Kisha nikakumbuka yote niliyosikiliza kwa miezi hiyo, jinsi kila ajali inavyoanza na mtu aliyesema pengine. Mwanangu mwenyewe ndiye aliyeniwekea hayo kichwani. Laiti ningekuwa sijui kitu, ningepiga pasi zangu kwa raha kama zamani, na jioni ningemuuliza kazini vipi.

Kila kipindi cha Chumba cha Marubani kikiisha, yule mzee wa kikohozi huwa anataja namba. Anasema kama wewe ni rubani, au ndugu wa rubani, na una jambo, hao watu wa usalama wa anga wapigie, watakusikiliza. Nilishaisikia mara nyingi mpaka imekaa kichwani. Nikapiga. Nilitegemea kuambiwa nibonyeze moja, nibonyeze mbili, nikate tamaa, na niseme nilijaribu. Wapi! Ikaita mara mbili, ikapokelewa na mwanamke mwenye sauti ya upole, sauti ya mtu aliyelea watoto.

Nikamweleza. Sijui niliongeaje, lakini nilieleza: kuzimika, agizo lisilorudiwa, daktari anayedanganywa. Hakunikatiza. Hakusema mama acha wasiwasi. Ningempenda zaidi kama angenifukuza.

"Umefanya jambo gumu sana, Mama," akasema. "Wewe ni nani kwake?"

"Mama yake."

"Pole. Sikiliza. Hatumfungi, wala hatumwaibishi. Akitua tu, anapumzishwa, anapimwa. Yuko kwenye ndege sasa hivi?"

"Ndiyo."

"Basi nipe jina lake tu. Mengine tutafanya sisi."

Jina lake. Nilimpa mimi hilo jina, baba yake alitaka lingine, tuligombana wiki nzima na nikashinda. Nimelifokea, nimelibembeleza, nimeliita dirishani mpaka majirani wakalichoka. Nikafungua mdomo. Nikalitafuta, nikaliona pale lilipo, na ulimi ukagoma. Nikajiambia sema, mwanamke, lini umewahi kukosa la kusema wewe?

"Mama? Bado upo?"

"Nipo."

"Usiogope. Jina tu."

Na upande wa pili wa pazia nikasikia mlango, na sauti ya Mwalimu. Alikuja kuchukua gauni lake. Alikuwa amechangamka kuliko nilivyowahi kumsikia. Amekata tiketi, akasema, anakwenda kumwona mdogo wake hatimaye, na yote ni kwa sababu ya Mama Kapteni na podikasti zake, yuko wapi amshukuru?

"Yupo nyuma, ana simu," mume wangu akasema. "Wewe usiwe na shaka, Mwalimu. Ukishapanda, muulize mhudumu nani anaendesha. Akikutajia jina hili, funga mkanda, lala usingizi wako."

Akalitaja. Majina yote matatu, moja baada ya jingine, kwa sauti ile anayosomea barua za serikali, duka zima likasikia. Kisha akalirudia, ili Mwalimu asije akalisahau.

Nilikuwa nimeshaiziba simu kwa kiganja. Sikumbuki kuamua. Niliibana kifuani kwa mikono miwili, nikainama nayo, mpaka Mwalimu alipoaga na mlango ukafungwa. Nilipoirudisha sikioni yule mwanamke alikuwa bado ananisubiri.

"Samahani, mwanangu," nikamwambia. "Nimekosea namba."